Daktari Anayesomea Ubingwa: Je, Mgonjwa Wetu Anafanyiwa Majaribio?



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta pembeni ya kanisa. Mume wake alikuwa amelazwa wiki mbili katika hospitali ya rufaa kwa ugonjwa wa figo uliotokana na shinikizo la damu. "Sista," aliniambia, "nataka kumtoa. Kila siku anakuja daktari mpya, anauliza yale yale. Tumejibu mpaka mdomo umekauka. Na jana kaja kijana na karatasi, anataka baba Tumaini atie sahihi. Mimi naona wanamfanyia majaribio. Bora nimrudishe nyumbani afie kwake."

Sikumcheka wala sikumkemea. Swali lake nimelisikia mara nyingi tangu nianze kazi ya uuguzi, na wapo waliotoroka wodini usiku kwa sababu yake, mgonjwa akiwa bado na sindano ya dripu mkononi. Wengine hatukuwaona tena. Kwa hiyo mwezi huu naomba tujifunze pamoja: ni nani huyu daktari kijana anayeuliza sana, kwa nini ana karatasi ya utafiti, na mgonjwa ana haki gani mbele yake.

Daktari wa magonjwa ya ndani

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ni yule anayetibu watu wazima bila kisu. Moyo, mapafu, ini, figo, kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, VVU, homa ambazo chanzo chake hakijajulikana, vyote hivyo ni vyake. Daktari wa upasuaji hufungua akaona. Huyu wa ndani hana mlango wa kufungua, hivyo hutumia masikio, vidole, vipimo vya maabara, na zaidi ya yote hutumia maswali.

Kufika huko ni safari ndefu. Kijana akimaliza kidato cha sita husoma udaktari miaka mitano. Kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo apewe leseni. Wengi huenda kwanza kufanya kazi katika hospitali za wilaya. Anayetaka ubingwa hurudi masomoni kwa miaka mitatu au minne kufuatana na chuo, kwa mfano Muhimbili huko Dar es Salaam, KCMC huko Moshi, au Bugando huko Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu wetu ambako chuo cha afya kilianza mwaka 2003. Katika miaka hiyo anafanya kazi wodini mchana na usiku, na huitwa residenti. Tafadhali tulielewe hili: residenti si mtoto wa shule aliyevaa koti jeupe. Ni daktari kamili mwenye leseni, anayeongeza elimu huku mabingwa wakimwangalia.

Jina hilo lina historia yake. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1889, Dokta William Osler aliwaweka madaktari vijana waishi humo humo hospitalini, akawafundishia kando ya kitanda cha mgonjwa badala ya ukumbini tu. Wakaitwa wakazi. Wa kwetu wana nyumba zao, lakini ukiwakuta saa kumi alfajiri wamelalia faili mezani, utaona jina hilo bado linawafaa.

Kwa nini wanauliza yale yale?

Hospitali yetu hupokea maresidenti wachache kila mwaka, wakae nasi miezi kadhaa. Wengine, niseme ukweli, hufika hawajui hata kusalimu. Lakini yupo mmoja ambaye sitamsahau.

Tuliletewa mzee aliyezimia. Familia ilisema ni malaria imepanda kichwani. Daktari wa zamu alipima sukari, akaikuta iko chini mno, akampa sukari ya mshipani, mzee akafumbua macho. Wote tukashukuru. Baada ya saa chache akazimia tena. Akapewa tena, akaamka, akazimia tena. Residenti alipoingia asubuhi aliketi kwenye benchi na bibi, mke wa mzee, akaanza upya kabisa: analala saa ngapi, anakula nini, nyumbani kuna dawa gani. Bibi akajibu kwa hasira kwamba ameshaulizwa hayo na watu watatu. Yule kijana akasema, "Bibi, nisamehe, niulize mimi wa nne." Bibi akafungua ncha ya kitenge chake, akatoa vidonge vyeupe. Vilikuwa vidonge vya kisukari vya shemeji yake. Mzee alikuwa anavimeza kwa sababu miguu ilikuwa inamwuma, na shemeji alisema vimemsaidia sana.

Vidonge vya namna ile vinaweza kushusha sukari ya mzee kwa siku nzima na zaidi, hasa figo zikiwa zimechoka. Ndiyo sababu alikuwa akizimia tena na tena. Tulimkalisha siku tatu tukipima sukari usiku na mchana, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Wa kwanza kuulizwa hukumbuka kidogo, kwa sababu ana hofu. Wa pili hukumbuka zaidi. Tena mwenye siri ya dawa za mitishamba, ya pombe au ya ugonjwa alioficha, mara nyingi huitoa kwa mtu aliyeketi. Kwa hiyo tusikasirike tukiulizwa mara ya nne. Lakini na mimi ninalo la kuwaambia maresidenti: msizungumze Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa kama vile hayupo. Mgonjwa anasikia sauti, anaona nyuso, na moyo wake unatunga mengine yaliyo mabaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Karatasi ya utafiti

Ili apate shahada ya ubingwa, residenti lazima afanye utafiti na kuuandikia tasnifu. Wengine hudhani huu ni mzigo wa chuo tu. Mimi nimeishi wodini miaka mingi kiasi cha kuona faida yake.

Utafiti mwingine ni wa kuhesabu tu. Pale Bugando, kuanzia mwaka 2009 hadi 2011, madaktari waliandika kwa utaratibu ugonjwa wa kila mtu mzima aliyelazwa katika wodi za magonjwa ya ndani, na kama alipona au alifariki. Walikuwa zaidi ya wagonjwa 11,000. Hakuna aliyepewa dawa mpya. Lakini hesabu hiyo ilionyesha wazi kwamba magonjwa yanayoletwa na shinikizo la damu yalikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya vifo wodini, wakati wengi wetu bado tulikuwa tunafikiri hayo ni magonjwa ya matajiri wa mjini. Mume wa yule mama ni mmoja wa watu wa hesabu ya namna hiyo.

Utafiti mwingine ni wa kulinganisha tiba mbili. Huu ndio watu wanaouogopa, na huu ndio nataka tuutazame kwa karibu, kwa mfano wa kitu ambacho kila mmoja wetu anakipenda: dripu.

Habari ya dripu

Nani asiyeamini dripu? Mgonjwa akilazwa bila kuwekewa dripu, ndugu husema hajatibiwa. Nasi wauguzi tulifundishwa hivyo hivyo: mgonjwa mwenye homa kali, mikono ya baridi na presha iliyoshuka, fungua maji yaende kasi. Ilionekana ni jambo la akili, maana presha ikishuka unajaza mishipa.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, mimi na msaidizi mmoja kwa wagonjwa karibu 40. Aliletwa binti mwenye homa, amekonda, presha yake haipimiki vizuri. Daktari aliagiza maji ya haraka, nami niliyaweka kwa mikono yangu. Chupa ya tatu niliibadilisha kabla ya saa sita usiku. Presha ilipanda kidogo, nikafurahi. Alfajiri alianza kuhema kwa shida, na kabla jua halijachomoza alifariki. Mama yake alinishukuru kwa kumhangaikia. Siwezi kusema kwamba maji ndiyo yaliyomwua, kwa maana alikuwa mgonjwa sana. Ila shukrani ile ilinirudia moyoni miaka baadaye, niliposikia habari za utafiti ninaotaka kuwasimulia.

Utafiti wa kwanza ulifanyika kwa watoto, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa hospitali ya Teule huko Muheza, Kenya ilikuwa Kilifi, na mojawapo ya zile za Uganda ni hospitali ya Kikatoliki ya Lacor, Gulu, ile iliyompoteza Dokta Matthew Lukwiya kwa ugonjwa wa Ebola mwaka 2000. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili tofauti. Kundi la tatu halikupewa ya haraka, bali lilipata maji ya kawaida polepole. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kwa kadiri walivyohitaji.

Labda msomaji atauliza: kwa nini kura? Si ni kucheza na roho za watu? Fikiri hivi. Kama daktari angechagua mwenyewe, angewapa maji wale aliowaona ni wagonjwa zaidi. Wakifa wengi, tungesema ni ugonjwa. Wakipona, tungesema ni maji. Tusingejua kamwe. Kura huyafanya makundi yafanane, hata kinachobaki kuyatofautisha ni tiba. Na kura ni halali pale tu ambapo madaktari kwa dhati hawajui ipi bora. Kama wanajua, kupiga kura ni dhambi.

Madaktari walitazamia kwamba maji ya haraka yangeokoa watoto. Ilikuwa kinyume. Katika kila watoto 1,000 waliopewa maji ya haraka, kama 105 walifariki ndani ya saa 48. Katika kila 1,000 ambao hawakupewa, walifariki 73. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia hesabu hizo iliusimamisha utafiti Januari 2011, kabla idadi iliyopangwa haijatimia, kwa kuwa kuendelea kungekuwa kuwadhuru watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka huo huo. Wengi tulidhani ni mapafu yaliyojaa maji. Walipochunguza zaidi, waliona kwamba kilichoshindwa mara nyingi ni moyo na mzunguko wa damu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kuhusu maji ya haraka kwa watoto wa namna hiyo.

Wakasema wengine: hao ni watoto, watu wazima ni habari nyingine. Basi madaktari wa hospitali ya chuo kikuu mjini Lusaka, Zambia, wakauliza swali hilo kwa watu wazima, mwaka 2012 hadi 2013. Wagonjwa wao walikuwa na maambukizi makali na presha iliyoshuka, na wengi sana walikuwa na VVU, kama binti yule wangu. Kundi moja lilipata mpango wa haraka: maji mengi mapema, dawa za kupandisha presha, na damu. Mpango wa namna hiyo ulisifiwa tangu utafiti wa mwaka 2001 wa hospitali moja ya Detroit, Marekani, mahali penye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha kando ya vitanda. Kundi la pili lilipata huduma ya kawaida ya wodi. Katika kundi la mpango wa haraka walifariki 51 kati ya 106. Katika kundi la kawaida walifariki 34 kati ya 103. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2017.

Niliposomewa hesabu hizo na residenti katika kikao chetu cha asubuhi, wodi nzima ilinyamaza. Hakuna muuguzi mzee asiyekuwa na binti wake wa alfajiri.

Hapa nisieleweke vibaya. Dripu haikuwa sumu, wala msimkatalie daktari akiagiza. Watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuingizwa katika utafiti ule, kwa sababu wao wamepoteza maji na lazima wayarudishiwe, kwa chumvichumvi ya kunywa ile ya pakiti au kwa mshipa hali ikiwa mbaya. Aliyetoka damu nyingi, mama mzazi kwa mfano, naye ni hivyo hivyo. Tulichojifunza ni kwamba maji ni dawa kama dawa nyingine, yana kipimo chake na mtu wake. Basi ukimwona daktari anakataa kumwekea ndugu yako dripu, au anaiendesha polepole, usimwambie muuguzi aifungue zaidi. Na usiifungue mwenyewe! Nimewakamata ndugu wakifanya hivyo usiku wakidhani wanasaidia.

Mifano mingine miwili

Wazee wetu waliougua kifua kikuu zamani wanakumbuka dawa za mwaka mmoja na nusu. Leo mgonjwa wa kawaida humaliza kwa miezi sita. Ufupisho huo haukuja wenyewe. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikubali kuingia katika utafiti wa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, uliojaribu kama miezi sita yenye dawa mpya, mojawapo rifampisini, ingetosha. Ilitosha. Anayemeza dawa hizo leo popote duniani ana deni kwa wagonjwa wale ambao majina yao hatuyajui.

Mfano wa pili ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, ambayo huwapata hasa wenye VVU waliochelewa kuanza dawa. Dawa yake, amfoterisini, kila muuguzi aliyewahi kuiweka anaijua. Dripu kila siku, wiki moja hadi mbili, mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, mishipa inavimba, damu inapungua, figo zinalegea. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 844 wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya wiki mbili, ilifanya kazi sawa na dripu za siku saba, na madhara yakawa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mimi kama muuguzi naihesabu ni neema kubwa.

Ugonjwa huo hautambuliwi vizuri bila kutoa maji ya uti wa mgongo, nayo parokiani kwetu yanaogopwa kuliko kaburi. Watu husema aliyetolewa maji hayo hufa au hupooza. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo haiuchomi. Wengi waliokufa baada ya kipimo walikufa kwa sababu kipimo kilikubaliwa siku ya sita badala ya siku ya kwanza. Tena katika homa hii ya fangasi, kupunguza maji yale ni tiba pia, kwa maana yanaubana ubongo. Nimeona mgonjwa aliyekuwa analia kwa kichwa akilala usingizi nusu saa baada ya kutolewa.

Hofu ina sababu yake

Yote niliyosema yasitufanye tuone kwamba wanaoogopa ni wajinga. Yametendeka maovu makubwa kwa jina la utafiti. Kuanzia mwaka 1932, karibu na mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, waliwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Takriban 400 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Waliambiwa wana damu mbaya. Penisilini ilipojulikana kuwa inaiponya kaswende, hawakupewa, ili madaktari waone ugonjwa unavyoendelea. Jambo hilo liliendelea hadi mwaka 1972 magazeti yalipolifichua. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997.

Linalonichoma mimi ni hili: aliyewakusanya wanaume wale miaka yote hiyo, akiwafuata nyumbani kwao na gari, akijua majina ya watoto wao, alikuwa muuguzi, Eunice Rivers, mweusi kama wao. Walimwamini kwa sababu alikuwa mwema. Wema wa muuguzi hautoshi kumlinda mgonjwa, lazima kuwe na sheria.

Sheria hizo zipo. Baada ya kesi ya madaktari wa Wanazi ziliandikwa kanuni za Nuremberg mwaka 1947, kisha Azimio la Helsinki mwaka 1964. Kwetu Tanzania, utafiti wa afya unapitiwa na kamati za maadili, na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, iliundwa kwa sheria mwaka 1979. Kanisa nalo halikunyamaza. Papa Pius XII alizungumza na madaktari mwaka 1952 juu ya mipaka ya utafiti, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2292 hadi 2295, inafundisha kwamba utafiti unaweza kuwa huduma kwa wagonjwa, ila hauhalalishi tendo lolote linalovunja heshima ya mtu, na ridhaa ya mhusika peke yake haitoshi kulifanya tendo ovu kuwa jema.

Ukiletewa fomu

Kwanza, tofautisha fomu mbili. Ipo fomu ya kukubali matibabu, kwa mfano upasuaji, na ipo fomu ya utafiti. Uliza: "Hii ni ya kunitibu au ni ya utafiti?" Swali hilo moja linafungua mengi. Kama ni ya utafiti, uliza wanataka kujua nini, utafanyiwa nini ambacho usingefanyiwa kama hukuingia, kuna hatari gani, na nani atalipia vipimo vya ziada. Kipimo kinachofanywa kwa ajili ya utafiti tu hakipaswi kuwa juu yako. Una haki ya kusomewa kwa lugha unayoielewa, kupewa nakala, na kupewa muda wa kumwuliza mwenzako au padre wako kama hali si ya dharura. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vile vile. Ukikubali leo ukakataa kesho, ni vile vile. Daktari akikuambia kwamba bila kutia sahihi hutapata kitanda, amekosa, na muuguzi wa zamu au uongozi wa hospitali wapaswa kuambiwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu damu, ambayo wengi husema inakwenda kuuzwa: kichupa cha kawaida huchukua mililita nne au tano, kama kijiko kimoja cha chai. Vifuniko vya rangi mbalimbali ni kwa sababu kila kipimo kina dawa yake ndani ya kichupa. Chenye kifuniko cha zambarau, kwa mfano, kina dawa ya kuzuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe. Vichupa vitatu ni vijiko vitatu. Lakini kuuliza vinakwenda wapi si utovu wa adabu.

Na unapochunguzwa na residenti akiwa na wanafunzi wake, unaweza kusema, "Naomba wabaki wawili tu." Mama anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo na pazia lifungwe. Nimewahi kuona binti wa miaka ishirini akifunuliwa mbele ya watu tisa bila kuulizwa, na sikusema neno kwa kumwogopa bingwa. Sasa ninasema.

Yule mama alirudi hospitalini siku ile ile ya Jumapili. Nilimwomba asimtoe mumewe kabla hatujaisoma karatasi pamoja. Jioni ya Jumanne nilipanda basi nikaenda, tukakaa kwenye benchi nje ya wodi, yeye, mwanawe mkubwa, na mimi na miwani yangu. Utafiti ulikuwa wa kupima protini katika mkojo wa wagonjwa wa shinikizo la damu, mara moja sasa na mara nyingine baada ya miezi sita. Hakuna dawa mpya. Nauli ya kurudi ingelipwa. Yule residenti alipita akatukuta, akasimama, kisha akaketi. Mama alimwuliza maswali saba, nami nilihesabu. La saba lilikuwa: "Na wewe ukishapata shahada yako, utaondoka?" Kijana akacheka, akasema bado ana mwaka mmoja na nusu. Baba Tumaini alitia sahihi asubuhi iliyofuata kwa mkono wake mwenyewe. Nakala wameikunja ndani ya kadi yake ya kliniki, na mwanawe amehifadhi katika simu namba ya kamati ya maadili iliyoandikwa chini ya ukurasa wa pili.